Sufuria Isiyorudi Jikoni

Mtu anayeyeyusha risasi uani kwake huogopa kuungua. Ana haki ya kuogopa, ila kidonda cha moto huonekana, na kinachoonekana hutafutiwa dawa siku hiyo hiyo. Madhara makubwa ya kazi hii hayaonekani.

Wavuvi wa mshipi wa pwani hii ya Kenya, kuanzia Ngomeni hadi Mtwapa, hawawezi kuvua bila chubwi. Pasipo uzito, ndoana haifiki chini waliko changu na chewa. Chubwi hunasa miambani, mshipi ukakatika, na kila iliyopotea inataka badala yake. Ndipo mtu anapoamua kujisubia mwenyewe. Tumchukue mmoja, tusimpe jina, maana nimemtunga kwa ajili ya funzo. Hata hivyo, hakuna litakalomfika ambalo halijawafika watu wa kweli wanaoyeyusha madini haya.

Mvuvi wetu amenunua betri kuukuu ya gari kwa muuza vyuma chakavu. Ameipasua kwa shoka, tindikali ameimwaga chini ya mnazi, mabamba ameyatia kwenye sufuria ya mkewe, akijiambia kwamba ataisugua vizuri jioni. Jiko la makaa liko nyuma ya nyumba, watoto wamechuchumaa wanatazama. Risasi haina kiburi mbele ya moto: kwenye nyuzi 327 za Selsiasi tayari ni maji mazito yanayong'aa. Yamepungua kidogo kujaza kalibu, kwa hiyo anachukua chubwi chache za zamani ili aziongeze.

Jirani yake, mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye karakana, anauliza akiwa mlangoni: "Mwanangu, hizo umezikausha?"

"Zimekaa juani tangu asubuhi, mzee."

"Na matobo yake?"

Swali hilo halikupata jibu. Ndani ya tobo la mshipi, nyuma ya mchanga ulioshikana, mlikuwa na tone la maji ya bahari. Chubwi ilipozama, tone lile liligeuka mvuke kwa mara moja. Maji yakiwa mvuke hutaka nafasi zaidi ya mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo, na kilicho juu yake hakina budi kuondoka. Risasi iliruka ikamwangukia mkononi na kifuani, ikang'ang'ania ngozi huku ingali moto. Watoto waliponea chupuchupu. Fundi anayejua kazi huviweka vyuma vyote sufuriani kabla ya kuwasha moto, ili unyevu uondoke taratibu wakati madini bado ni magumu. Hata upawa na kalibu huvipasha kwanza, hasa miezi ya kusi ambapo hewa yetu hulowesha kila kitu.

Mvuvi akatibiwa, akapona, akabaki na makovu ya kuonyesha. Kila mtu akadhani kisa kimekwisha.

Sufuria ilisuguliwa kwa mchanga na jivu, ikarudi jikoni. Lile tabaka la kijivu lililokuwa likielea juu ya risasi alilikwangua akalitupa kando ya mlango. Likakauka, likawa vumbi. Mkewe akalifagia kila asubuhi, na kila alipofagia lilipanda hewani, likatua kwenye mkeka na kwenye vidole vya mtoto anayetambaa. Mvuvi mwenyewe alikuwa na mazoea ya kubana vichubwi vidogo kwenye mshipi kwa meno. Moshi wa sufuria iliyopashwa kupita kiasi una sumu, ni kweli, lakini katika nyumba nyingi njia kuu ya sumu hii ni mkono uendao mdomoni.

Hapa pana jambo linalonisikitisha, na linatoka kwa mafundi wa bunduki. Bunduki ya Martini-Henry, iliyoingia katika jeshi la Uingereza mwaka 1871 na baadaye kufika Afrika Mashariki, ilitumia baruti nyeusi na risasi nzito ya takriban gramu 31, iliyosubiwa kwa mafungu 12 ya madini ya risasi na fungu 1 la bati. Mafundi walijua kwamba madini haya laini hujipaka kwenye kila yanachogusa. Yakipita matupu ndani ya mtutu huacha utando kwenye ile mifereji iliyojipinda, na shabaha huharibika. Kwa hiyo waliivika kila risasi karatasi. Anayeivika kwa mkono huilowesha karatasi kwanza na kuizungusha mara mbili, nayo hubana inapokauka. Kisha huijaribu: ikiwa imefanya kazi yake, huchanika na kuanguka hatua chache mbele ya mtutu. Uangalifu wote huo ulikuwa wa kulinda chuma. Mikono ya aliyesubu haikuvikwa chochote.

Anayedhani natia chumvi atazame Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa ulio safari fupi kutoka Mtwapa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifunguliwa kando yake mwaka 2007. Phyllis Omido aliajiriwa humo, kisha mwanawe mchanga akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Alipiga kelele hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufaa ikaubatilisha uamuzi huo mwaka 2023, hadi Mahakama ya Juu ilipourejesha Desemba 2024. Kesi inaweza kurejeshwa hivyo. Akili ya mtoto iliyokwisha kudhurika hairejeshwi na hukumu yoyote.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile ambacho mtu mzima angefyonza kutokana na kiasi kile kile alichomeza. Risasi ikishaingia mwilini, hujificha mifupani miaka mingi, na mama akibeba mimba hutoka mifupani na kumfikia mtoto tumboni. Baba huenda akaona shinikizo la damu na figo zikichoka, asijue kamwe kwamba chanzo ni chubwi.

Ninawaomba wavuvi wa Malindi na Kilifi waiache betri kabisa. Vumbi la mabamba yake na tindikali yake haviwezi kudhibitiwa uani, na mara nyingi madini yake yamechanganywa na antimoni. Jiwe lililotobolewa au kipande cha nondo huzama vizuri tu, na kikikatika hakiachi sumu. Asiye na budi asubu mbali na nyumba, kwa chombo ambacho hakitapikia tena hata chai, asile wala kuvuta sigara kazini, aoge kwa sabuni na kubadili nguo kabla ya kumshika mtoto. Mahali palipokwisha kuchafuka pasifagiwe pakiwa pakavu, pafutwe kwa kitambaa kilicholoa. Vikundi vya usimamizi wa fuo (BMU) vinavyokutana kwenye bandari zetu za samaki vinaweza kulizungumza jambo hili katika kikao kimoja tu, na wake za wavuvi wawepo, kwa sababu sufuria ni zao.

Na kama kazi hii imekuwa ikifanyika kwenu, mpeleke mtoto hospitali na mwambie daktari waziwazi kwamba nyumbani mnasubu risasi. Asipoambiwa, atatibu tumbo na upungufu wa damu, kwa kuwa dalili za sumu ya risasi hufanana na za maradhi mengine mengi, na sumu hii hutambulika kwa kupima damu tu.