Nyumba Isiuzwe Mpaka Mdogo Amalize Shule

Mabibo, Dar es Salaam, nyumba ya kupangisha husomesha watoto. Chumba kimoja kina mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, kingine muuza ndizi wa sokoni, na kodi zao ndizo ada. Ndiyo maana mzazi aliyezeeka huko huwaita wanawe na kutamka: nyumba hii isiuzwe mpaka mdogo wenu amalize shule. Wote huitikia. Arobaini yake ikishapita, kaka mkubwa anatafuta mtaji, dada anadaiwa kwenye kikoba, na mdogo mwenyewe bado yuko darasa la tano.

Kauli ile ilitoka kwenye huruma, nayo inastahili kulindwa. Huruma pekee hailindi. Kanuni za urithi wa kimila za mwaka 1963 zinautambua wosia wa mdomo, ila zinataka mashahidi wasiopungua wanne: wawili wa ukoo, wawili watu baki. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi ya mali inayobaki baada ya madeni, wala haumwongezei mrithi fungu mpaka wenzake waridhie. Tena msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Mtoto wa darasa la tano anahitaji miaka.

Watu wa pwani walilifikiria jambo hili zamani, wakaweka wakf: nyumba haiuzwi, kizazi baada ya kizazi kinakula pato lake, na ukoo ukikatika pato linakwenda kwa maskini. Utawala wa Kiingereza uliutilia shaka utaratibu huo. Katika kesi ya Bakhshuwen iliyotoka Kenya, majaji wa rufaa wa London waliamua mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwamba wakf wa namna hiyo ni batili, kwa kuwa fungu la maskini liko mbali mno. Hukumu ile iliumiza, maana kulisha watoto wako ni sadaka pia katika Uislamu.

Masharti mengine, hata hivyo, hayastahili kutetewa. "Mama yenu akae hapa, akiolewa atoke." Anayeandika hivyo hamtunzi mtu, anamtawala mjane akiwa kaburini, ilhali matofali mengine ya nyumba hiyo yalinunuliwa kwa fedha ya maandazi yake.

Sharti jema humtazama anayelindwa, na lina mtu wa kulisimamia. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, huandika na kuhifadhi wosia, na inaweza kushika udhamini wa mali ya watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Familia za Dar es Salaam ambazo hazikuandika kitu hukutana Temeke, kwenye kituo jumuishi cha mahakama kilichoanza 2021 kwa ajili ya mirathi na ndoa, kila upande ukiapa kwamba marehemu alisema hivi, hakusema vile.

Basi mzazi wa Mabibo aandike nani atakusanya kodi, ada italipwa wapi, nani atakagua hesabu, na ni mwaka gani zuio litakwisha. Mwaka huo ukifika nyumba ni ya watoto: wauze, wagawane au waendelee kupangisha.