Fadhaa Yenye Mawazo

Warumi walikuwa na neno sollicitudo kwa hali ya mtu ambaye roho yake haitulii. Wataalamu wa Kilatini hulipasua sehemu mbili: sollus, yaani zima, na citus, kilichotiwa mwendo. Mzizi huo hautaji maumivu. Unataja mwendo tu, lakini ni mwendo wa mtu kwa ukamilifu wake, asibaki hata na pembe moja ya moyo iliyotulia. Kitenzi chake, sollicitare, mshairi Virgil alikitumia kwa ardhi inayotifuliwa na mkulima. Ndugu yake angor ana tabia nyingine kabisa: ametokana na angere, kukaba koo. Kukabwa na kutifuliwa ni mambo mawili, nasi tunayaita yote wasiwasi, kisha tunayatafutia dawa moja.

Mrumi mmoja aliyatenganisha: Cicero, mwanasiasa na mwandishi. Februari mwaka 45 KK alifiwa na binti yake Tullia, muda mfupi baada ya Tullia kujifungua. Alikaa kwanza kwa rafiki yake Atticus, akasoma kila kilichoandikwa kuhusu msiba. Haikusaidia. Akaenda Astura, pwani, na katika barua alimweleza Atticus kwamba asubuhi huingia msitu mnene wenye miiba, asitoke mpaka jioni. Humo huzungumza na vitabu tu, na kilio humkatiza.

Mwaka huohuo akaanza kuandika kazi ya falsafa, Tusculanae Disputationes. Katika kitabu cha nne anapanga aina za huzuni, moja baada ya nyingine: angor ni huzuni inayobana, sollicitudo ni huzuni inayoandamana na kufikiri. Akiwafuata wanafalsafa Wastoa, anadai kwamba mwenye hekima hana hata moja kati ya hizo.

Hapo simfuati. Angor aondolewe, kwa maana aliyekabwa hawezi lolote. Lakini huzuni inayofikiri ina mtu inayemfikiria. Wafaransa walichukua kitenzi sollicitare wakapata souci, na kwao neno hilo hubeba hofu na kujali pamoja. Cicero mwenyewe, miezi ile ile, alimwandikia Atticus tena na tena kuhusu kiwanja: bustani ipi ng'ambo ya mto Tiber inauzwa, bei gani, nani anapita hapo. Alitaka kumjengea Tullia hekalu, mahali ambapo watu wataliona.