Timu ikihama, nani anadaiwa?

Mwaka 2016 mji wa Springfield, Massachusetts, ulipoteza timu yake ya hoki ya barafuni, Falcons. Klabu kubwa ya Arizona Coyotes iliinunua na kuihamishia Tucson, ili vijana inaowakuza wawe karibu. Haukupita muda, wenyeji wa Springfield wakainunua timu ya Portland, Maine, wakaileta kwao na kuiita Thunderbirds. Ikawa zamu ya Portland kubaki bila timu. Mwaka 2018 nao wakaanza msimu na Mariners, kwenye ligi ya chini zaidi. Hiyo ilitoka wapi? Leseni yake ilikuwa ya Alaska Aces, timu ya Anchorage iliyofunga milango 2017.

Kufa kufaana, bwana.

Sasa hapo mwizi nani? Kisheria, hakuna. Sisi tuliozoea soka tunajua timu hupanda na kushuka daraja kwa matokeo ya uwanjani. Kule nafasi kwenye ligi ni mali, inauzwa kama duka. Mwenye duka akiona wateja hawatoshi, anahama. Utamshika shati?

Lakini hebu tuangalie alikuwa anauza nini. Si viti tu. Aliwaambia watu wa mji: hii ni timu yenu. Wakaamini. Baba akamleta mwanawe, na mwana alipokua akamleta wake. Mapenzi yale nayo yaliipa leseni thamani. Huwezi kusema "yenu" siku ya kuuza tiketi, halafu "yangu" siku ya kuuza timu. Kosa liko hapo, wala si katika kuhama kwenyewe.

Utaniambia hasara haina adabu. Nakubali, hakuna anayelazimika kula hasara milele. Ila hata mpangaji hupewa notisi, na mgeni muungwana huaga. Kuaga hapa ni kusema mapema, kuwapa wenyeji nafasi ya kwanza ya kununua, na kuwaachia jina na vikombe vyao.

Na sisi washangiliaji je? Mtu wa Portland aliyelia 2016 akashangilia 2018 si mnafiki. Furaha haiombewi radhi. Ila akikaa kwenye kiti chake, akumbuke kuna mwenzake Anchorage, mji ambao Aces waliupa ubingwa mara tatu, aliyebaki na jezi kuukuu tu.