Mwaliko wa Harusi: Hisani au Haki?



Katika mambo yote ya harusi hakuna linalodhaniwa kuwa dogo kama kualika. Posa ina wazee wake, mahari yana mazungumzo yake, na akdi ina nguzo na masharti yake. Lakini kualika, watu wengi hukuchukulia kuwa ni kazi ya karatasi na kalamu tu: aandikwe nani, aachwe nani, basi. Hali ukizichunguza chuki za jamaa zinazodumu miaka, mara nyingi utakuta mzizi wake si shamba wala urithi. Mzizi wake ni harusi fulani ambayo mtu hakualikwa.

Basi inatupasa tujiulize swali moja na tulijibu kwa uadilifu. Je, mwaliko ni hisani ya mwenye harusi, ampe amtakaye na amnyime amtakaye? Au ni haki, na kwa hiyo wapo watu wanaomdai?

Kualika kwa mguu na kualika kwa kadi

Wazee wetu wa Mikindani, Msimbati na Msanga Mkuu walialika kwa mguu. Mwenye shughuli alituma watu wazima, wanaume kwa wanaume na wanawake kwa wanawake, wakapita nyumba baada ya nyumba. Walipiga hodi, wakakaa, wakapokea maji ya kunywa, ndipo wakasema: “Fulani anakusalimu, na anakuomba siku fulani umfikie, ana shughuli ya mwanawe.” Mjumbe wa namna hiyo hakuwa na njia ya kuiruka nyumba. Akitoka kwa huyu kwenda kwa yule, aliye katikati anamwona. Aibu ya macho ilimlinda maskini asiachwe.

Siku hizi tuna kadi, na kadi yenyewe si kosa. Ni karatasi inayotaja siku, saa na mahali, na mtu akiwa nayo hasahau. Lakini kabla ya kadi ya mwaliko hutangulia kadi ya mchango. Kamati hukaa, kiwango hupangwa, cha mtu mmoja na cha mtu na mwenziwe, na asiyefikia kiwango hapati kadi ya pili. Juu ya hayo ipo sare, na asiyeinunua hujiona mgeni katika harusi ya nduguze. Kisha yapo makundi ya WhatsApp, ambamo mwaliko hutupwa mara moja mbele ya watu mia mbili, asijulikane aliyeuona na asiyeuona.

Hapo, msomaji, ndipo penye jambo. Zamani orodha ya waalikwa ilitoka katika ujamaa na ujirani. Leo, katika shughuli nyingi, inatoka katika daftari la mhazini.

Dini imesema nini

Mtume wetu (S.A.W.) hakuacha jambo hili bila ya mwongozo. Alipomwona Abdulrahman bin Auf (R.A.) ameoa, alimwamrisha afanye karamu japo kwa mbuzi mmoja. Yeye mwenyewe alipomuoa Bibi Safiya (R.A.) njiani wakirudi Khaibar, karamu ilikuwa tende, samli na jibini kavu, vilivyochanganywa na kuandaliwa juu ya ngozi. Na katika harusi ya Bibi Zainabu binti Jahsh (R.A.), mama yake Anas bin Malik alipoleta chakula, Mtume alimtuma Anas awaite watu aliowataja kwa majina, na zaidi ya hao, kila atakayekutana naye njiani.

Uangalie mpango huo: wapo waliotajwa, na wapo waliochukuliwa njiani. Waliotajwa wanaonyesha kuwa ujamaa na urafiki vina nafasi yake. Waliochukuliwa njiani wanaonyesha kuwa mlango haukufungwa kwa kipimo cha cheo wala mali.

Kisha yapo maneno mazito yaliyopokewa kwa Abu Huraira (R.A.) katika Sahihi ya Bukhari na ya Muslim: kwamba chakula kilicho kiovu kupita vyote ni chakula cha karamu ya harusi wanayoitiwa matajiri na kuachwa maskini, na kwamba anayeukataa mwito wa karamu hiyo amemuasi Mungu na Mtume wake. Tazama jinsi mambo mawili yalivyofungwa pamoja. Mwalikwa amefungwa na wajibu wa kuitika, na mwalikaji amefungwa na wajibu wa kutobagua.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao wetu, waliufuata uzi huo mpaka mwisho. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika kitabu chake Minhaji masharti ambayo yakikosekana, wajibu wa kuitika huondoka. Miongoni mwa masharti hayo ni kwamba mwalikaji asiwahusu matajiri peke yao, na kwamba asimwite mtu kwa kumwogopa au kwa kutamani faida ya cheo chake. Na walioishereheshea kazi yake wakaeleza kwamba mtu atajwe yeye, kwa mdomo wa mwenye shughuli au wa mjumbe wake. Mwito wa jumla wa “atakaye na aje” haumfungi mtu mmoja mmoja.

Basi tuyapime yetu kwa mizani hiyo. Mtu akialika kwa sababu ya fedha tu, au kwa kutaka mkubwa fulani aonekane katika meza ya mbele, hakumdhulumu maskini peke yake. Ameudhoofisha mwaliko wake mwenyewe. Ameuondolea ile nguvu ya kumlazimu mtu kuja, akaufanya kuwa tiketi; na tiketi haina wajibu wa dini, ina bei tu. Kadhalika anayetupa tangazo katika kundi la simu kisha akalalamika kwamba ami yake hakuja, amdai nini? Hakumwita.

Hoja za upande wa pili

Haki yataka tuwasikilize na wenye harusi. Watasema: “Gharama ni kubwa. Mchele unanunuliwa, nyama inanunuliwa, viti vinakodiwa. Tusipochangiana tutafanyaje? Na tukiwaalika wote, chakula kitatosha?”

Hoja hii ina ukweli, wala haifai kuipuuza. Kuchangiana ni kusaidiana katika wema, na ni desturi yetu ya asili. Jirani alileta mchele, mwingine kuku, mwingine kuni, na asiye na kitu alileta mikono yake akachota maji na kupepeta. Tena dini inamkubalia mwenye nyumba kupanga idadi. Sahaba mmoja wa Kiansari, Abu Shuaib, alimwagiza mtumishi wake mwuza nyama aandae chakula cha watu watano, Mtume (S.A.W.) akiwa mmoja wao. Njiani akawafuata mtu wa sita. Mtume hakuingia naye kimya kimya, alimwambia mwenye nyumba kwamba huyu ametufuata, ukitaka umruhusu, na ukitaka arudi. Abu Shuaib akamruhusu. Hapa tunajifunza kuwa nyumba ni ya mwenyewe na idadi ni haki yake.

Basi yule maskini anadai nini? Hadai kwamba kila maskini wa mji aalikwe, hilo haliwezekani. Anadai kwamba umaskini wake usiwe ndio sababu ya kuachwa. Kama nafasi ni ya watu hamsini, na yeye ni mjomba wa bwana harusi, au ni jirani wa ukuta mmoja, basi yumo katika hamsini, awe ametoa au hakutoa. Hivyo ndivyo hisani na haki zinavyokutana: ukubwa wa karamu ni hisani yako, lakini uadilifu wa orodha ni haki ya watu.

Na katika Mtwara yetu hoja hii ina uzito wake wa pekee, kwa sababu fedha za watu wengi huja kwa msimu. Minada ya korosho huanza kiasi cha mwezi wa Oktoba, na harusi nyingi hungoja malipo. Wako watakaokumbuka msimu wa mwaka 2018. Mwezi wa Novemba mwaka huo Serikali ilitangaza kununua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengine wakakaa miezi wakisubiri malipo yao. Mkulima wa namna hiyo alikuwa na mali, tena ya jasho lake, ila haikuwa mkononi. Kadi ikifungwa na mchango, mtu kama huyo huachwa nje ya harusi ya mpwa wake kwa sababu ya hundi ambayo hakuichelewesha yeye. Na huku kwetu, ambako koo nyingi huhesabiwa kwa upande wa mama, harusi isiyo na mjomba imebakiwa na nini?

Jamaa wa ng'ambo ya Ruvuma

Wako wengine tunaowasahau upesi zaidi: jamaa walioko ng'ambo ya mto. Mpaka wa Ruvuma uliwekwa na wageni. Wajerumani waliitwaa Kionga mwaka 1894, Wareno wakaichukua mwaka 1916 wakati wa vita, na baada ya vita mataifa makubwa yakaithibitisha kuwa ya Wareno. Mistari hiyo ilichorwa bila ya kuuliza nani ameoa wapi. Nasaba hazikukatika. Mtu wa Msimbati au wa Kilambo ana shangazi Kionga, na wa Kionga ana wajukuu Mtwara mjini.

Lakini daftari la mhazini halivuki mto. Jamaa wa ng'ambo hana simu ya kutumia fedha za kwetu, sarafu yake ni metikali, na njia ina taabu. Basi jina lake huachwa, na mwenye kuacha husema, “Hata hivyo hatakuja.” Tangu mji wa Palma uliposhambuliwa mwezi wa Machi mwaka 2021, wako katika jamaa hao waliopoteza nyumba, na waliotawanyika wasijue nani amebaki. Mtu wa hali hiyo akipata habari kwamba ametajwa katika harusi ya kwao, huenda asije kweli. Lakini atajua kwamba bado anahesabiwa. Mwaliko kwake ni salamu ya kumwambia: wewe ni wetu. Na kuunga jamaa ni jambo ambalo Mwenyezi Mungu Mtukufu ameliamrisha, wala hakusema liwe kwa wale tu wenye kutoa mchango.

Na mwalikwa naye

Tusimlaumu mwalikaji peke yake. Mwalikwa naye ana yake. Aitike, hata kama karamu ni ya tende na kahawa, kwa kuwa Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba angeitwa kwa ukwato wa mbuzi angeitika. Aliyefunga aende awaombee dua wenyewe. Mwenye udhuru autaje mapema, asimwache mwenzake apike chakula cha kumwagwa. Aliyeitwa peke yake asivute watu sita bila ya ruhusa. Akisha kula asitande barazani mpaka mwenye nyumba aone haya kumwondoa. Qurani katika Sura ya Ahzabu imelifunza hilo, na sababu yake ilikuwa wageni wa harusi hiyo hiyo ya Bibi Zainabu. Tena ambaye hakualikwa asikimbilie kununa. Huenda mjumbe alikosea njia, huenda jina liliruka. Kudhani wema ni nusu ya ujirani.

Tufanyeje?

Mwenye harusi na aandike orodha ya waalikwa kwanza, kabla ya kuandika orodha ya michango, na aanze na watu wa damu, kisha jirani, kisha masahibu. Mchango uombwe kwa anayeweza, uwe siri baina yake na mpokeaji, na asiyetoa asijulikane. Akdi ifanywe msikitini, maana msikiti hauna kadi mlangoni. Hapo halua na kahawa vinawatosha wengi kuliko pilau ya ukumbini. Kadi zikipelekwa, wakubwa wapelekewe na mtu mzima anayejua kupiga hodi, na kikongwe asiyesoma aambiwe kwa mdomo. Ujumbe wa simu ufuatwe na sauti: mpigie, umtaje jina lake. Na kila karamu iwe na masinia mawili matatu yaliyonuiwa, tangu mwanzo, kwa wale ambao hawamo katika orodha ya mtu yeyote.

Wazee walisema shughuli ni watu. Hawakusema shughuli ni ukumbi, wala hawakusema ni sare. Na katika hao watu, yule asiyekuwa na cha kuleta huja na kitu kimoja ambacho hakina kiwango katika kadi, nacho ni dua. Nani ajuaye, ndugu msomaji, kwamba ndoa ile haikusimama kwa dua ya mzee aliyekaa nyuma kabisa, aliyekula akashiba, akanyanyua mikono?

Mwenyezi Mungu azitie baraka ndoa zetu, na atujaalie tuwaite watu kwa ajili Yake na kwa ajili yao. Amin.