Noti Nisiyoipanga

Kuna noti inayotoka kabla sijaiamua. Kila anayepiga kinanda bila karatasi mbele yake anaijua. Kijana anamaliza mstari wake wa kufokafoka, anavuta pumzi, na katika mwanya ule mkono wangu wa kulia unateremka noti tano sita na kutua pahali pake. Mimi naisikia wakati mmoja na waliomo chumbani. Watu hunisifu kwa vipande hivyo, nami hubaki na swali nililotoka nalo chuoni Msambweni, nilikosomeshwa Kurani kabla sijajua kinanda ni nini: tendo lile ni la nani?

Nieleze kwanza kazi yenyewe. Vijana ninaowapigia Ukunda hupenda mdundo wa kama mapigo 90 kwa dakika. Naanza na rifu, kijipande cha noti chache kinachorudi kila baada ya mapigo manane. Rifu haitaki maneno mengi. Katika “Still D.R.E.” ya mwaka 1999, kinanda cha Scott Storch kinarudia kordi zile zile karibu wimbo mzima, na nguvu yake iko katika huko kukataa kubadilika. Juu ya rifu ndipo huja mbio za vidole. Nilijifunza kwa skeli ya noti tano, A, C, D, E na G, mkono mmoja, polepole mno, kupanda na kushuka, nikianzia kila noti kwa zamu. Baadaye nikajifunza kuchelewa kidogo nyuma ya ngoma, ladha aliyoiacha J Dilla wa Detroit, aliyefariki mwaka 2006, ambaye mara nyingi hakuiruhusu mashine imnyooshee midundo yake. Mazoezi ya namna hii hayana raha yoyote. Ni kurudia, na kurudia, mpaka usiku mmoja vidole vinakwenda vyenyewe, nawe huna hakika tena nani anayevipeleka.

Najua kwetu Kwale wako watakaosema swali la kwanza ni kama kinanda chenyewe kinafaa. Nimekalishwa kitako juu ya hilo zaidi ya mara moja, na sikuwadharau walionikalisha. Imamu Ghazali aliandika kitabu kizima juu ya usikilizaji ndani ya Ihya, mkusanyo wake mkubwa wa vitabu vya dini, akaangalia kinachoimbwa ni nini na moyo wa anayesikiliza uko wapi. Hapo ndipo niliposimama. Lakini swali langu linamhusu hata asiyewahi kugusa ala. Nimtazame msomaji wa Maulidi ya Barzanji. Maneno yamefungwa, hana ruhusa ya kuyageuza. Mahadhi ni yake. Ami yangu, mwalimu wa chuo, usiku mmoja aliipandisha sauti pale ambapo miaka yote huishusha, na baraza zima likaitikia kwa kumsalia Mtume. Kesho yake nilimuuliza.

“Ami, lile la jana ulilipanga?”

“Lilikuja, mwanangu.”

“Lilitoka wapi?”

Hakunijibu. Alinifungulia kitabu cha tauhidi na kutawakali, katika Ihya hiyo hiyo. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anasimulia humo habari za msafiri anayeiuliza karatasi kwa nini uso wake umetiwa weusi. Karatasi inamwelekeza kwa wino. Wino unamwelekeza kwa kalamu, kalamu kwa mkono, mkono kwa nguvu iliyousukuma, nguvu kwa nia, na nia nayo inajitetea kwamba haikuinuka yenyewe. Kila anayeulizwa anasema kweli na kila mmoja anasema si mimi. Niliisoma nikitazama vidole vyangu.

Wanazuoni waligawanyika vikali juu ya jambo hili. Wa Mu‘tazila walisema mwanadamu anaumba matendo yake mwenyewe, la sivyo ataadhibiwaje kwa haki? Wa Jabriya walisema hana lake, anapelekwa kama jani juu ya maji. Abulhasan al-Ash‘ari, katika karne ya 10, alishika njia ambayo wengi wa walimu wa pwani hii wameirithi: Mungu ndiye anayeliumba tendo, na mja analichuma, nalo linakuwa lake kwa kulichuma. Hiyo ndiyo kasbu. Kwa miaka mingi niliiona ni njia ya kukwepa swali. Kuumba nimekuelewa. Kuchuma ni kufanya nini, ikiwa kila kitu kimekwisha kuumbwa?

Jibu la kwanza nililipata mbali na chuo. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha picha za bongo za wafokaji 12 wakibuni mashairi papo hapo. Sehemu za ubongo zinazokagua na kuzuia zilipunguza kazi. Kabla yao, mwaka 1983, mtafiti Benjamin Libet alikuwa amewaomba watu wakunje mkono au vidole wakati wowote wapendao, akakuta ubongo unaanza kujiandaa takriban nusu sekunde kabla ya tendo, ilhali mtu anajihisi kutaka karibu sehemu ya tano ya sekunde kabla tu. Wako wanaopinga tafsiri ya vipimo hivyo, na hoja zao ni nzito. Lakini mimi nilifanya hesabu ya mpigaji. Kwa mapigo 90 kwa dakika, robo ya pigo moja ni sehemu ya sita ya sekunde. Basi ninapojijua kuwa nataka kupiga, nimebakiwa na nafasi ya noti moja fupi.

Na Libet mwenyewe alisema nafasi hiyo inatosha kwa jambo moja: kuzuia.

Hapo niliinuka nikatembea chumbani, maana jambo hilo nalijua kwa mkono. Usiku mmoja kijana alirekodi wimbo juu ya babake, aliyetoka na ngalawa asirudi. Alipofika kwenye mstari wa mwisho akanyamaza. Mkono wangu ulikuwa tayari, mteremko wote umekusanyika kwenye vidole, na ulikuwa mzuri. Sikuupiga. Ngoma ikapita peke yake mapigo manne. Alipoondoa vifaa vya masikioni akaniuliza kwa nini nimeacha, nikamwambia pale hapakuwa pangu.

Katika muziki wangu wote, tendo ninaloweza kuliapia kwamba nililichuma ni lile. Mbio zenyewe zinanijia. Nilizilisha kwa mazoezi, lakini saa yake na sura yake sizipangi. Mtu ataniambia kujizuia nako ni mazoea, vidole vimefundishwa kuacha kama vilivyofundishwa kupiga. Sikatai. Ila najua usiku ule mazoea yalikuwa upande wa kupiga, na kitu fulani ndani yangu kikasimama mbele yake.

Ami hakukubali. Alisema nimemwachia Mungu noti nikajichukulia kimya, na Ash‘ari hakugawa hivyo, kimya nacho kimeumbwa. Kwa mafunzo ya Ash‘ari ana haki, nami sitaki kuwa mshirika wa Muumba hata kwa sehemu ya sita ya sekunde. Ninachodai ni kidogo kuliko alivyonisikia. Sisemi kimya kile nilikiumba. Nasema nikiulizwa juu yake siwezi kumwelekeza muulizaji kwa mwingine, kama wino ulivyofanya, na juu ya mteremko naweza. Ami aliniuliza kama hiyo ni hoja au ni hisia tu. Nilimwambia ni ushahidi wa mtu mmoja, na katika jambo lililo ndani ya kifua sijui shahidi mwingine angetoka wapi. Akasema tutaendelea baada ya Isha.