Haki ya njia: Nani ataulizwa kwa ajili ya muuza madafu?

Inasimuliwa kuwa Sayyidna Umar bin Khattab (RA), naye ni Khalifa aliyeko Madina, alikuwa akihofu kwamba nyumbu akijikwaa huko Iraq, yeye ataulizwa na Mola wake kwa nini hakumtengenezea njia. Ndugu msomaji, hebu tafakari. Aliyehofiwa hapo ni mnyama, tena yuko mbali mwendo wa siku nyingi. Katika miji yetu leo anayejikwaa ni binadamu, baba wa watoto, amepakia madafu kwenye baiskeli, na anaangushwa na gari mbele ya macho yetu. Je, nani ataulizwa?

Nimekuwa nikiwasikia watu, tena wenye elimu zao, wakisema kuwa njia ya baiskeli ni anasa ya Wazungu. Wanadai kuwa Dar es Salaam ina joto, ina foleni, ina shida kubwa zaidi ya hiyo. Hoja hii haisimami, si kwa historia wala kwa dini.

Tuanze na historia. Uholanzi, ambayo leo inasifika kwa baiskeli, haikuzaliwa hivyo. Baada ya vita vya pili vya dunia nchi ile iliwafungulia mlango wenye magari, na mwaka 1971 pekee watu zaidi ya 3,000 walikufa barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi wakasimama na kusema waziwazi kuwa haya ni mauaji ya watoto. Mwaka 1973 mafuta yakapanda bei, na serikali ikalazimika kusikiliza. Kwa hiyo njia zile hazikutokana na anasa. Zilitokana na majeneza madogo.

Ama kwa upande wa dini, Mtume (SAW) aliwatahadharisha Masahaba kukaa njiani, na waliposema hawana budi, akawataka waipe njia haki yake. Katika haki alizozitaja ni kuzuia maudhi. Akatufundisha pia kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi la imani. Sasa kama kuokota mwiba ni imani, je, kumtenganisha mpanda baiskeli na lori la mchanga ni nini? Ukingo wa zege wenye kimo cha goti unaweza kuwa ndio tofauti kati ya mke na mjane.

Insafu inatutaka tuseme na yaliyofanyika. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 katika Barabara ya Morogoro, pembeni yake ziliwekwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli. Hilo ni jema. Lakini pita uone: bodaboda wamezigeuza njia ya mkato, wengine wamepanga bidhaa, na wenye magari wameegesha. Wala tusiwanyooshee vidole wengine tu. Siku ya Ijumaa, nje ya baadhi ya misikiti yetu, magari ya waumini huziba njia mpaka mwenye baiskeli anashuka katikati ya barabara. Mtu anawahi safu ya mbele huku amemsukuma ndugu yake kwenye hatari! Fiqhi inatukataza kudhuriana, na sijui ni wapi ilipotolewa ruhusa kwa saa ya swala.

Suala la pili ni namna ya kuzijenga. Katika Suratur Rahman Mwenyezi Mungu (SW) anataja kuwa ameinua mbingu na kuweka mizani, kisha anatukataza kuivuka mizani hiyo. Mwenye kujenga njia hana budi kuuliza maumbile kwanza. Mti unatoa kivuli bila umeme. Nyasi na udongo hunywa maji ya mvua, lakini zege huyasukuma kwa jirani. Mikoko iliyopo mahali Mto Msimbazi unapoingia baharini hupunguza kasi ya maji na kushika udongo. Njia ya baiskeli iliyopangwa kwa kufuata somo hilo itakuwa na miarobaini upande wa jua la mchana, mtaro wa nyasi badala ya mfereji mkavu, na itafuata mwinuko wa ardhi ili mwenye mzigo asipande mlima bila sababu. Hapo hata hoja ya joto inakufa.

Hata hivyo nina tahadhari. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na waathirika wa mabondeni walipelekwa Mabwepande, nje kabisa ya mji. Hapana shaka kuwa bonde ni njia ya maji, na mwenye kujenga humo anaihatarisha nafsi yake. Lakini kumpeleka mnyonge mbali na riziki yake, kisha mahali alipotoka tukapanda bustani na kuchora njia ya baiskeli ya kufanyia mazoezi jioni, huko si kufuata maumbile. Mizani ina sahani mbili. Maji yapewe haki yake na mja apewe haki yake. Njia nzuri ya baiskeli ni ile inayomfikisha muuza samaki kutoka Feri hadi kwa wateja wake, na yule wa kule alikohamishiwa hadi kwenye kibarua chake. Huyo akifika salama, wa mazoezi naye atapita.

Basi tusiiachie serikali peke yake. Halmashauri zidaiwe njia zenye ukingo na miti katika kila barabara inayopanuliwa. Nasi kamati za misikiti tuna la kufanya bila kusubiri bajeti: tusafishe njia iliyo mbele ya msikiti wetu, tuweke vijana wa kuelekeza magari siku ya Ijumaa, na tupande miti pembeni. Mtume (SAW) ametubashiria kuwa anachokula ndege, mtu au mnyama katika alichopanda Muislamu ni sadaka kwake. Nataraji, kwa fadhila za Mola, kuwa na kivuli anachopumzikia muuza madafu saa saba mchana hakitapotea bure.

Wallahu a'alam.