Kilichotafutwa Sana

Mto Minho unatenganisha Galicia, kaskazini-magharibi mwa Hispania, na Ureno. Kuna neno likivuka daraja pale hubadilika sura. Upande wa Galicia, mjini Tui, onja chakula useme "exquisito", na mpishi atakuongezea. Ng'ambo, mjini Valença, chakula kikiitwa "esquisito" mpishi atakunja uso: kumbe kina kasoro gani? Kwa Mgalicia na Mhispania hiyo ni sifa ya kitu bora. Kwa Mreno ni kioja.

Mzizi ni mmoja. Kwa Kilatini quaerere ni kutafuta, na exquisitus ni kitu kilichotafutwa kwa makini mpaka kikapatikana. Neno lenyewe halikusema kama kitu hicho kitamu au kibaya. Lilisema tu kwamba hakikuokotwa mlangoni. Hata Wareno zamani walisifia kwalo. Baadaye adimu ikawa kisicho cha kawaida, na kisicho cha kawaida kikaanza kutiliwa shaka.

Mimi huliona neno hili vizuri zaidi kwenye sahani ya percebes. Ni viumbe vya baharini vinavyong'ang'ania miamba pale wimbi linapopiga kwa nguvu, na wavunaji wa pwani ya Costa da Morte, huko Galicia, huvifuata hukohuko, wengine wamefungwa kamba kiunoni. Huchemshwa kidogo tu, vikaletwa vya moto: shina jeusi lenye ngozi ngumu, na juu yake kitu kama ukucha. Kwa kweli vinafanana na vidole vya miguu vya mnyama asiyejulikana. Unaminya, unapindua, ngozi inachomoka, maji ya chumvi yanakurukia shatini, na ndani kuna nyama laini ya rangi ya waridi yenye ladha ya bahari yenyewe. Hapo sijui Mgalicia na Mreno wanabishania nini. Kila mmoja amesema kweli; mmoja ameshameza, mwingine bado anatazama.

Wala tusiwacheke Wareno. Neno lao igreja, yaani kanisa, lilipofika pwani yetu ya Waswahili liliishia kuwa gereza. Tena sisi "ajabu" tunaibebesha mizigo yote miwili: maajabu ya Mungu, na mtu wa ajabu asiyeitikia salamu. Mgeni akiniambia pilau yangu leo ni ya ajabu, huangalia kwanza sahani yake.